Mstari wa Tisa

Kengele zilikuwa tatu, na zote zilikuwa vipande vya reli. Ugogo ni nchi ya reli. Tangu Wajerumani walipoifikisha Dodoma mwaka 1910, kipande chakavu cha chuma kile hakikukosa kazi kwetu. Cha shule yetu ya misheni kilikuwa kifupi, kimetundikwa kwenye tawi la mkuyu, na sauti yake ilikuwa nzito, ya kifuani. Cha shule ya halmashauri, ng'ambo ya korongo, kilikuwa na ufa, kikilia kama sufuria iliyodondoka. Cha shule ya TAPA ndicho kilichokuwa kirefu kuliko vyote, na sauti yake ilikwenda mbali, hasa asubuhi za kipupwe. Mtoto yeyote aliyekuwa akichunga ndama aliweza kukwambia ni shule ipi inaita.

Januari 1972 kengele zote tatu zililetwa kwenye uwanja mmoja.

Nilikuwa na miaka 13, ninaingia darasa la sita. Baba yangu alikuwa mwalimu mkuu wa ile shule ya misheni. Leo nimepita miaka 65, nimestaafu ualimu, na wakubwa waliokuwapo siku zile karibu wote wametangulia mbele ya haki. Nimebaki mimi na wenzangu wachache tuliokuwa watoto, na kila tukikutana msibani au harusini habari hii hurudi ikisimuliwa kama ugomvi wa wakuu wawili wa shule. Haikuwa hivyo, au tuseme haikuwa hivyo tu. Nililiona jambo jingine kwa macho yangu, kwa kuwa mimi ndiye niliyeshika taa.

Mwaka uliotangulia ulikuwa wa Operesheni Dodoma. Wagogo tulikaa mbalimbali, tembe moja hapa, nyingine kule, katikati mashamba ya uwele na malisho ya ng'ombe. Serikali ilitaka tusogezwe pamoja ili maji, zahanati na shule viwafikie watu. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikwenda Chamwino akafyatua matofali pamoja na wanakijiji, na habari hiyo ilitufikia kabla ya malori. Wapo waliohama kwa moyo wao na wapo waliosukumwa. Kila nyumba ina yake ya kusema. Kwetu vitongoji vitatu vilifanywa kijiji kimoja, na kijiji kimoja kilipewa shule moja.

Kuwaunganisha watoto ilikuwa kazi nyepesi. Watoto hupanga mstari popote unapowaambia. Walimu ndio waliokuwa wamefika pale kwa njia tatu tofauti, na kila njia ilikuwa na mlipaji wake, karatasi zake na watu wake.

Baba alisoma hadi darasa la nane, akaenda chuo miaka 2, akatoka na cheti cha Daraja la C. Kwa miaka mingi mshahara wake ulitoka katika ruzuku ya serikali lakini ulipitia mikononi mwa misheni, na mchungaji ndiye aliyekuwa meneja wa shule. Kisha ikaja Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, shule za misheni zikawa za umma, na baba akaendelea kufundisha watoto walewale katika majengo yaleyale, akiwa sasa mtumishi wa taifa. Mkuu wa shule ya halmashauri naye alikuwa na Daraja la C, ila yeye alisomea chuo cha serikali. Alikuwa kijana kuliko baba, hodari wa hesabu, hodari zaidi wa mikutano ya TANU, na watu wake walimpenda kwa sababu aliwasomea magazeti chini ya mti kila Jumamosi.

Wa tatu alikuwa mwalimu wa TAPA, ile jumuiya ya wazazi iliyokuwa chini ya TANU. Mahali ambapo serikali haikuwa imefika na misheni haikuona sababu ya kufika, wazazi wenyewe walijenga banda na kutafuta mtu wa kuwafundisha watoto. Wa kwao alikuwa mwana wa palepale. Alimaliza darasa la nane, chuo hakukipata, akarudi kulima, na wazazi wakamfuata shambani kumwomba. Walimlipa kwa shilingi walizochanga, debe la uwele baada ya mavuno, na pengine kuku. Mwaka wa njaa hawakumlipa kitu, naye hakuifunga shule.

Nilimjua vizuri kwa sababu shangazi yangu aliolewa upande ule, na wakati wa likizo ya misheni shule ya TAPA mara nyingi ilikuwa haijafunga. Banda lake halikuwa na madawati. Watoto walikaa kwenye magogo, na mbele ya kila gogo palikuwa na mchanga laini uliopepetwa kwa ungo. Mwalimu akitamka silabi, watoto wanaiandika mchangani kwa kidole. Akipita, anatazama, anapiga makofi mara moja, wote wanafuta kwa kiganja na kuanza upya. Herufi zenyewe alizifinyanga kwa udongo wa kichuguu na kuzichoma kama vyungu. Mtoto aliyeshindwa kuitambua herufi kwa macho alipewa aishike, afumbe macho, aipapase. Niliwahi kupewa herufi "g" nami, nikacheka kwa sababu nilikuwa najua kusoma tangu zamani, lakini ule mkunjo wa chini bado naukumbuka vidoleni.

Sasa turudi uwanjani.

Jengo jipya lilikuwa na vyumba vinne vilivyokamilika na nyumba moja ya mwalimu, ya matofali na mabati. Nyumba ni moja, kiti cha mkuu ni kimoja, na barua ya uteuzi ilikuwa haijafika. Ofisi ya elimu ya wilaya ilisema itafika. Wiki ya kwanza ikapita bila barua.

Asubuhi ya Jumatatu iliyofuata baba alipiga kengele yake. Ilikuwa imefungwa kwa mnyororo kwenye mti mdogo mbele ya jengo. Sisi wa misheni tukakimbia mstarini. Hata hatujanyooka, ikalia ile yenye ufa, upande wa pili wa jengo, na watoto wa halmashauri wakapanga mstari wao wakitugeuzia migongo. Tuliimba wimbo wa taifa mara mbili asubuhi ile, sisi tukiwa ubeti wa pili na wao wakianza wa kwanza. Walimu wakuu wawili walisimama kila mmoja mbele ya watu wake, fimbo kwapani, hakuna aliyemtazama mwenzake.

Watoto wa TAPA walichelewa. Tuliwaona wakitokea kwenye vumbi la njia ya korongo, kama 40 hivi, na mbele yao mwalimu wao na wavulana wakubwa watatu wamebeba mti mabegani, na katikati ya mti kile kipande kirefu cha reli kinaning'inia kwa kamba za ukindu. Walikuwa wamekibeba kwa miguu kutoka kitongojini kwao, mwendo wa saa nzima. Wakakitua chini taratibu. Mwalimu akatazama mstari wetu, akatazama mstari wa pili, akawaambia watoto wake wakae kivulini. Hakukipiga.

Hali ile ilidumu karibu wiki mbili. Wazazi wa upande wa halmashauri walipoona baba amehamishia mizigo yake katika ile nyumba ya mabati, waliwazuia watoto wao nyumbani. Wa upande wa misheni nao wakaapa kwamba akiwekwa yule kijana, wao hawatatoa nguvu kazi ya kumalizia vyumba. Mabalozi wa nyumba kumi walikwenda kwa Katibu Tarafa kwa makundi, kila kundi na barua yake. Nilizisikia hoja zao zote, maana walikuwa wakipita kwetu jioni kunywa togwa.

Wetu walisema baba ana miaka 17 darasani na yule ana 8. Wale wakajibu kwamba miaka ile aliitumikia misheni, na ikihesabiwa ile tu aliyolitumikia taifa, tangu sheria mpya, baba ni mtoto mdogo. Sikuwa na umri wa kuelewa, lakini nilimwona baba akinyamaza hoja hiyo ilipofikishwa kwake. Iliingia ndani. Alikuwa amefundisha watoto wa Kigogo tangu kabla ya Uhuru, na sasa anaambiwa miaka yake ilikuwa ya mtu mwingine. Sikubaliani na waliosema hivyo hata leo. Mtoto aliyefundishwa kusoma mwaka 1956 alifundishwa kusoma, yeyote aliyetia sahihi hundi. Lakini naelewa pia walichokiogopa. Walikuwa wamesimama nje ya uzio wa misheni miaka mingi, watoto wao wakikataliwa nafasi kwa kukosa cheti cha ubatizo, na sasa waliambiwa uzio umeondolewa. Walitaka kuona kwa macho kwamba umeondolewa.

Ndipo likaja agizo: baba, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na rejesta zilizokamilika, aandae orodha ya walimu wote waliopo kijijini ipelekwe wilayani.

Aliiandika usiku, kwenye meza ya kulia chakula. Mimi nilishika taa ya chemli kwa sababu kioo chake kilikuwa kimepasuka upande mmoja na upepo uliizima isipokingwa kwa mkono. Karatasi ilikuwa imepigwa mistari kwa rula: jina, namba ya utumishi, daraja, mwaka wa kuajiriwa, shule atokayo. Aliandika wa shule yetu watano, yeye wa kwanza. Akaandika watatu wa halmashauri, na kusema kweli alimwandika hasimu wake kwa mwandiko uleule mzuri, hakumpunguzia hata mwaka. Wote nane kwa wino. Kisha akaiweka kalamu ya wino, akachukua penseli, na kwenye mstari wa tisa akaandika jina la mwalimu wa TAPA. Kwenye namba ya utumishi akapiga kistari. Kwenye daraja, kistari. Kwenye mwaka wa kuajiriwa alisita, akaandika 1961.

"Mbona yeye kwa penseli, baba?"

"Hana namba," akasema. Baadaye kidogo, kama anayejisemea, "Watoto wa yule bwana wanasoma kama maji."

Siku tatu baadaye alikuja mtu wa ofisi ya elimu kwa baiskeli, kabla ya mkutano wa kumaliza ugomvi, kuichukua ile orodha. Walikaa na baba barazani kwa muda mrefu. Nilipeleka maji ya kunywa, nikasikia neno ambalo sikulijua, ikama. Nimekuja kulijua sana katika maisha yangu ya kazi. Ikama ya shule mpya ilikuwa walimu wanane. Kama ikama ni nane na wenye namba ni nane, hesabu imekaa yenyewe: hakuna anayehamishwa, hakuna wa kugombana, mkuu mmoja na msaidizi mmoja na wengine sita. Mgeni hakusema zaidi ya hapo. Aliomba kifutio.

Baba alisema hana. Mgeni akatoa chake mfukoni. Baba akakichukua.

Mkutano ulifanyika Jumamosi chini ya mbuyu. Alikuja afisa mwenyewe kwa Landrova, na Katibu Tarafa, na watu walikuwa wengi kuliko siku ya kura. Kwanza walipigana kwa maneno mpaka jua likawa utosini. Mzee mmoja wa upande wa halmashauri alisimama akauliza, shule si ya kanisa tena, mbona mwalimu bado ni wa kanisa? Mama mmoja wa kwetu akamjibu kwamba mwalimu ni wa watoto, kanisani anakwenda Jumapili kama yeye mzee anavyokwenda kilabuni. Watu wakacheka, hasira ikalegea kidogo, na afisa akajua kuitumia nafasi ile. Akatangaza: mwalimu wa misheni atakuwa mkuu, mwalimu wa halmashauri atakuwa msaidizi na atajengewa nyumba ya mabati kama ile kabla ya mvua zijazo, hakuna mwalimu atakayehamishwa, na tangu leo asiitwe mtu wa misheni wala wa halmashauri. Watu walipiga makofi na vigelegele. Wakuu wawili walipeana mikono mbele ya wote. Ilikuwa suluhu ya kweli, nakiri. Wale wawili walifanya kazi pamoja miaka minne bila neno baya, na yule msaidizi ndiye aliyenifundisha hesabu iliyonipeleka sekondari.

Katika makofi yale shangazi yangu aliinua mkono. Ilibidi asimame ndipo aonekane.

"Na mwalimu wetu, ndugu afisa?"

Afisa akaitazama karatasi. Ninaamini hakudanganya, hakuliona jina.

"Suala lake litashughulikiwa, mama."

Shangazi aliendelea kusimama. Watu wa kitongoji chao walikuwa kaya chache, hawakuwa na balozi wa kupaza sauti, na mwalimu mwenyewe alikuwa amewaambia wasigombane kwa ajili yake. Alikuwa amekaa nyuma kabisa, amejiegemeza kwenye baiskeli ya mtu. Shangazi alipogeuka kumtafuta kwa macho, alimpungia mkono kwamba akae. Akakaa.

Halikushughulikiwa. Mwalimu yule alikuja shuleni siku chache zaidi, akawa anawasogeza wadogo wa darasa la kwanza, kisha siku moja hakuja. Herufi zake za udongo zilibaki kwenye kikapu ndani ya stoo mpaka zikapondekapondeka chini ya majembe. Kipande chake cha reli ndicho kilichochaguliwa kuwa kengele ya shule, kwa kuwa sauti yake ilifika kila pembe ya kijiji. Mwaka 1973, nikiwa darasa la saba, nilikuwa kiranja, na kazi ya kengele ilikuwa yangu. Shamba lake lilikuwa bondeni, ng'ambo ya kisima. Saa moja kasoro asubuhi nilipokuwa nikigonga, nilimwona aghalabu ameinama na jembe, na kila nilipogonga mara ya kwanza alinyanyua kichwa. Nilijizoesha kugonga nikiwa nimempa mgongo.

Elimu ya watu wazima ndiyo iliyomrudisha. Tangu mwaka 1970 taifa lote lilikuwa katika kampeni ya kufuta ujinga, na madarasa ya kisomo hayakudai namba ya utumishi. Aliyejua kusoma alifundisha, kwa posho kidogo. Alikusanya akina mama na wazee chini ya mti jioni, akapepeta mchanga kama zamani. Bibi yangu, mama yake baba, alikuwa mmoja wao. Ulipofanyika mtihani wa taifa wa kisomo, Agosti 1975, bibi alifaulu, na niliporudi likizo aliniandikia jina lake kwenye majivu ya jikoni kwa kidole, akafuta kwa kiganja, akaliandika tena. Alimtaja mwalimu wake mbele ya baba kila siku ya likizo ile. Baba alikuwa akiinuka na kwenda nje.

Jambo lililonichoma zaidi lilikuja baadaye. Novemba 1974 TANU ilikuwa imepitisha Azimio la Musoma, kwamba watoto wote waandikishwe shule ifikapo mwaka 1977. Watoto walikuwa wengi kuliko walimu, na taifa likaamua kuwachukua vijana waliomaliza darasa la saba, maelfu kwa maelfu, wafundishe huku wakijifunza ualimu katika vituo vya karibu na nyumbani. Tuliwaita walimu wa UPE, yaani wa elimu ya msingi kwa wote. Wawili waliletwa shuleni kwetu, wavulana wazuri, mmoja wao niliwahi kumpigia kengele ya kuingia darasani. Walipewa namba ya utumishi. Sina kinyongo nao hata kidogo; bila wao kizazi kizima kisingesoma. Lakini bondeni palikuwa na mtu mwenye darasa la nane na miaka zaidi ya kumi ya kufundisha, na tangazo lilitaka vijana.

Nimekuwa mwalimu mkuu mimi mwenyewe kwa miaka 14. Nimeona shule za mjini zikifanywa kinyume cha yetu, shule moja iliyofurika ikikatwa ikawa A na B, wakuu wawili kwenye uwanja mmoja, na ugomvi uleule wa ofisi, choo na kengele. Nimejaza fomu za ikama nyingi. Kila nilipofika kwa mtu wa kujitolea, yule anayelipwa na wazazi, nilimwandika kwa wino, na zaidi ya mara moja niliitwa nieleze kwa nini.

Baba nilimuuliza mara moja tu, mwaka 1978, siku chache kabla sijakwenda chuo cha ualimu. Tulikuwa barazani, mbuzi wanarudi. Nilitegemea ataniambia habari ya ikama, au kwamba alikuwa na watoto sita wa kulisha, na ningempokea. Alikaa kimya mpaka nikadhani hakusikia.

"Ningemwandika kwa wino," akasema, "wangelazimika kumkata wao."

Akaenda kufunga mbuzi.